Stu Ungar: Fundi wa karata aliyeshindwa kuinuka mezani

LAS VEGAS, MAREKANI

NOVEMBA 22, 1998. Ndani ya chumba namba 6 cha Oasis Motel, moteli ya bei chee jijini Las Vegas, ulikutwa mwili wa mwanaume mwembamba wa miaka 45. Alikuwa na dola 800. Hakuwa na nyumba, hakuwa na gari na hakuwa na akiba popote.

Miezi 18 tu kabla ya siku hiyo, mwanaume huyohuyo alikuwa ameketi kwenye meza iliyowekwa nje, barabara ya Fremont, katikati ya jiji hilohilo. Nyomi la watu lilimzunguka, kamera za televisheni zilimmulika, na mkwanja uliokuwa unashindaniwa ulikuwa dola milioni 1. Aliuchukua. Akawa bingwa wa dunia wa poka kwa mara ya tatu.

Huyo ndiye Stuart Errol Ungar, ambaye ulimwengu wa karata ulimzoea kwa jina la Stu. Wajuzi wengi wa mchezo huo wanamtaja kuwa mchezaji mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kushika karata. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake alishinda takribani dola milioni 30. Zote ziliyeyuka.

Swali linalobaki ni moja. Mtu aliyeweza kumsoma mpinzani mpaka akajua karata alizoficha, mtu aliyefanya uamuzi mgumu wa maelfu ya dola ndani ya sekunde chache na akapatia, ilikuwaje akashindwa kuamua jambo jepesi kabisa, yaani kuinuka na kuondoka na hela yake?

MTOTO WA BAA

Ungar alizaliwa Septemba 8, 1953 jijini New York, akakulia eneo la Lower East Side, Manhattan. Baba yake, Isidore, ambaye watu walizoea kumuita Ido, alikuwa na baa. Lakini baa ilikuwa mlango wa mbele tu. Biashara yenyewe ilikuwa kubetisha watu kinyemela, na wateja walikuwa hawakauki.

Mzee Ido aliijua kamari kwa sura yake halisi. Aliwaona wateja wake wakiingia na mshahara na kutoka mikono mitupu, wiki hadi wiki. Kwa sababu hiyo hakutaka mwanawe aiguse. Lakini utamkataza vipi mtoto asicheze karata wakati anakua katikati yake? Dogo akaanza kujifunza jin rami, na akiwa na miaka 10 tu akabeba ubingwa wa mashindano ya mtaani kwao.

Kisha mambo yakaharibika. Kabla Ungar hajatimiza miaka 15, baba yake alifariki kwa mshtuko wa moyo. Mama yake naye akapata kiharusi, akawa hajiwezi. Dogo akaacha shule na kuanza kuzunguka kwenye vijiwe vya kamari vya New York akisaka riziki. Hapo ndipo alipochukuliwa na Victor Romano, mtu aliyetajwa kuwa na uhusiano na makundi ya mafia, ambaye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa karata. Romano akawa kama baba wa pili. Alimkingia kifua na kumtafutia mechi.

Ulinzi huo ulikuwa muhimu, kwani Ungar alikuwa mfupi, mwembamba kama fimbo, na mdomo wake haukuwa na breki. Alipomfunga mtu alimcheka palepale. Bila mtu wa kumkingia, angepotezwa mapema.

ALIPOWAMALIZA WOTE

Jin rami ni mchezo wa watu wawili. Kila mmoja ana karata 10, anaokota moja na kutupa moja, akitafuta kupanga mafungu yanayofanana au yanayofuatana. Mtu wa kawaida anatazama karata zake. Ungar alikuwa anatazama zile anazotupa mwenzake. Kila karata iliyotupwa ilimwambia kitu, na baada ya kutupwa chache tu alikuwa tayari anajua mwenzake kashika nini na anasubiri nini. Kumbukumbu yake haikuwa ya kawaida.

Kipimo kikubwa kilikuja pale alipokutanishwa na Harry Stein, aliyejulikana kama Yonkie, mmoja wa wakali wa mchezo huo enzi hizo. Inasimuliwa kwamba walicheza michezo 86 na Ungar akashinda yote 86. Haikuwa mechi tena, ilikuwa mazishi. Baada ya kipigo hicho Stein alipotea kwenye vijiwe vya jin rami.

Lakini ushindi wa namna ile una gharama zake. Kila aliyesikia habari za Dogo alikataa kukaa naye. Ikabidi aanze kuwapa watu upendeleo ili tu wakubali kucheza. Mwingine alimruhusu aichungulie karata ya mwisho ya pakiti, mwingine alimrudishia sehemu ya hela aliyopoteza. Bado aliwafunga.

Wakati huohuo mkwanja aliokuwa anaupata kwenye karata ulikuwa unaishia kwenye mbio za farasi. Alibeti farasi kama mtu anayekimbizwa. Madeni yakawa makubwa hadi ikabidi aondoke New York. Alipitia Miami, kisha mwaka 1977 akatua Las Vegas.

Huko nako hadithi ikawa ileile. Kwenye jin rami aliwamaliza wote, mpaka waandaaji wa mashindano wakamuomba asishiriki kwa sababu akijiandikisha yeye, wengine wanajitoa. Kwenye blakijeki, mchezo wa kasino ambao mtu anacheza dhidi ya nyumba, alikuwa anakumbuka kila karata iliyokwisha kutoka. Inasimuliwa kwamba mmiliki wa kasino, Bob Stupak, aliweka dau la dola 100,000 kwamba Ungar hawezi kuhesabu pakiti sita zilizochanganywa pamoja, yaani karata 312, na kutaja karata ya mwisho. Ungar akaitaja. Stupak akalipa. Baada ya muda kasino nyingi hazikutaka tena kumuona kwenye meza za blakijeki.

Likabaki jukwaa moja tu la kuchezea hela kubwa. Poka.

MCHEZO USIO NA BREKI

Kwa aliyezoea albastini au lasti kadi za kijiweni, poka inahitaji maelezo kidogo. Kwenye Texas Holdem, aina inayotumika kutafuta bingwa wa dunia, kila mchezaji anapewa karata 2 za siri. Kisha mezani zinafunuliwa 5 ambazo ni za wote: kwanza 3 kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kila hatua wachezaji wanaweka dau, wanapandisha, au wanatupa karata zao na kujitoa. Mwenye karata 5 bora zaidi anachukua fungu lote lililopo katikati. Lakini kama wote wamejitoa akabaki mmoja, huyo anachukua hata kama alikuwa hana kitu. Hapo ndipo geresha inapoingia.

Aina nyingine za poka zina breki. Omaha, ndugu yake Holdem, inampa kila mchezaji karata 4, na lazima atumie 2 kati ya hizo pamoja na 3 za mezani. Kwa kuwa kila mmoja ana njia nyingi za kupata, matumaini yanakuwa mengi mezani, na mara nyingi Omaha huchezwa kwa kikomo: hakuna kupandisha dau kuzidi kiasi cha fungu lililopo katikati. Fungu likiwa dogo, dau nalo linakuwa dogo. Huwezi kujilipua kwa pupa tangu dakika ya kwanza.

Holdem ya ubingwa wa dunia haina kikomo hicho. Wakati wowote mchezaji anaweza kusukuma chipu zake zote katikati. Unaweza kuwa sahihi siku tatu mfululizo, ukakosea mara moja na ikawa imekula kwako.

Huo ndio mchezo uliomfaa Ungar. Mwaka 1980, akiwa na miaka 26, alilipa kiingilio cha dola 10,000 na kuingia World Series of Poker, mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyokuwa yanafanyika kwenye kasino ya Binion's Horseshoe. Wachezaji walikuwa 73. Ugeni wake kwenye Holdem haukuwa siri, kwani sifa zake zote zilikuwa za jin rami. Kadiri siku zilivyokwenda alizidi kujifunza palepale mezani, na watu wakashangaa kuona mgeni anakuwa mkali zaidi kila baada ya saa moja.

Fainali ikamkutanisha na Doyle Brunson, gwiji kutoka Texas, bingwa wa 1976 na 1977, mtu ambaye tayari alikuwa ameandika kitabu cha kufundisha mchezo huo. Ni sawa na chipukizi wa ligi daraja la kwanza kukutana na nahodha wa timu ya taifa kwenye fainali.

KARATA MOJA KATI YA 12

Mkono wa mwisho wa fainali ile bado unasomwa hadi leo. Brunson alikuwa na ree na 7. Ungar alikuwa na 5 na 4. Karata tatu za kwanza mezani zikatoka ree, 7 na 2. Brunson tayari alikuwa na jozi mbili, mkono mzito sana kwa mechi ya watu wawili. Akaweka dau.

Ungar hakuwa na kitu. Kitu pekee kilichoweza kumuokoa ni 3, ambayo ingemkamilishia mfuatano wa ree, 2, 3, 4 na 5. Zipo 3 nne tu, na karata ambazo hakuziona zilikuwa 47. Maana yake ni nafasi moja kati ya takribani 12. Kwa hesabu ya haraka, hapo mtu anatupa karata na kusubiri mkono mwingine.

Ungar hakutupa. Alilipa dau.

Wapo waliouita uamuzi ule uchizi, lakini una hesabu yake. Dau la Brunson lilikuwa dogo ukilinganisha na chipu ambazo wote wawili walikuwa bado nazo nyuma. Ungar hakuwa ananunua lile fungu la pale katikati. Alikuwa ananunua nafasi ya kuchukua kila kitu cha Brunson iwapo 3 itatoka, kwa sababu alijua mtu mwenye jozi mbili namna ile hawezi kuziachia. Akikosa, anapoteza kidogo. Akipata, mchezo umekwisha.

Karata ya nne ikawa 3.

Ungar akaweka dau, Brunson akajilipua na chipu zote, Ungar akalipa. Karata ya mwisho ikatoka 2 na haikumsaidia mkongwe. Mtoto wa baa ya New York akawa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo zaidi kwa wakati ule, akaondoka na dola 365,000 na jina jipya la The Kid, yaani Dogo.

Mwaka uliofuata, 1981, nusura asicheze. Benny Binion, mwenye kasino, alikuwa amempiga marufuku kwa kumtemea mate mgawa karata. Mtoto wa mzee huyo, Jack Binion, ndiye aliyemtetea akaruhusiwa. Ungar akaingia, akapita katikati ya wachezaji 75, akamfunga Perry Green kwenye fainali na kutetea taji lake. Safari hii alichukua dola 375,000.

Ubingwa wa dunia mara mbili mfululizo, akiwa na miaka 27. Ingekuwa soka, klabu zingepigana vikumbo kumsajili.

HELA ILIKOKWENDA

Hapa ndipo hadithi inapogeuka.

Ukiwa mezani na karata, Ungar alikuwa na taarifa. Alimuona mpinzani, aliona mkono unavyotetemeka, alikumbuka dau la saa mbili zilizopita. Halafu uamuzi ulikuwa wake: alipe, apandishe, au atupe. Alipokosea, alikosea kwa kitu alichokishika mwenyewe.

Akitoka mezani, alizipeleka hela zilezile mahali ambapo hakuwa na taarifa wala mamlaka yoyote. Farasi walikimbia, yeye akabaki kuwatazama. Timu zilicheza, yeye akabaki na mkeka wake. Alibeti michezo kwa dau kubwa ajabu, na akipoteza, dawa yake ilikuwa kuongeza dau kwenye mchezo unaofuata ili arudishe. Kila anayebeti anaijua hiyo hali. Jumamosi mkeka umechanika, Jumapili unaweka mara mbili.

Inaelezwa kwamba siku ya kwanza aliyojaribu gofu, alipoteza zaidi ya dola 70,000 kabla hata hajaondoka kwenye kiwanja cha mazoezi. Hakuwa anajua kucheza gofu. Alikuwa anajua tu kwamba kuna watu wawili, kuna dau, na yeye yupo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwenye karata yeye ndiye aliyewalia watu wa namna hiyo. Riziki yake yote ilitokana na watu walioshindwa kukubali hasara ndogo, wakaendelea kulipa wakitafuta kurudisha, hadi wakabaki weupe. Aliwajua kuliko wanavyojijua. Akifika kwenye dirisha la kubeti, anageuka kuwa mmoja wao.

Kisha ikaja kokeini. Alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati michezo ya karata ikiwa inakesha usiku mbili tatu mfululizo na wachezaji wakitafuta kitu cha kuwaweka macho. Wengine waliacha. Yeye hakuacha. Ndoa yake ikavunjika katikati ya miaka ya 1980, na binti yake wa pekee akabaki na mama.

KITI KITUPU

Mwaka 1990 kilitokea kituko ambacho poka haijakisahau. Rafiki yake, Billy Baxter, alimlipia kiingilio cha ubingwa wa dunia. Ungar akacheza siku mbili za kwanza kwa kiwango cha juu, akakusanya rundo kubwa la chipu na kuongoza. Siku ya tatu, kiti chake kikawa kitupu.

Walipomfuata hotelini walimkuta amelala sakafuni, hajitambui, amezidisha madawa.

Sheria za mashindano hazisubiri mtu. Kwenye poka kila mchezaji anatakiwa kutoa dau la lazima zamu yake ikifika, awepo au asiwepo. Kwa hiyo mgawa karata aliendelea kuchota chipu za Ungar kidogokidogo, mzunguko hadi mzunguko, wakati mwenyewe yupo kitandani. Lakini rundo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wachezaji wengine, waliokuwa wazima na macho yao, walitolewa kabla chipu za mtu asiyekuwepo hazijaisha. Alimaliza nafasi ya 9 na akalipwa.

Ni kama timu iliyofunga mabao mengi kipindi cha kwanza, kisha ikagoma kurudi uwanjani, na bado ikachelewa kufungwa. Kwa upande mmoja ilionyesha jinsi alivyokuwa mbele ya wenzake. Kwa upande mwingine ilionyesha mahali alipofika.

Bingwa wa mwaka huo alikuwa Mansour Matloubi, mzaliwa wa Iran aliyekuwa anaishi Uingereza. Baadaye wawili hao walikutana kwenye mechi ya ana kwa ana, dau likiwa dola 50,000 kwa kila mmoja, na ndani ya mechi hiyo ukachezwa mkono ambao wachezaji wengi wanauona kuwa uamuzi mgumu kuliko yote ambayo Ungar aliwahi kuufanya.

KUMI NA TISA MKONONI

Matloubi alianza na 4 na 5, akapandisha hadi 1,600. Ungar akalipa akiwa na 10 na 9. Mezani zikatoka 3, 3 na 7. Ungar akaweka 6,000, Matloubi akalipa. Karata ya nne ikawa mfalme, wote wakapita bila kuweka dau. Ya tano ikawa malkia. Ungar akapita tena.

Matloubi akajilipua. Dola 32,000, zote katikati, wakati fungu lilikuwa 15,200 tu.

Ona ukubwa wa dau lile. Kwenye mchezo wenye kikomo kama Omaha, Matloubi asingeweza kuweka zaidi ya zile 15,200. Hapa aliweka zaidi ya mara mbili. Na Ungar alikuwa na nini? Hakuwa na jozi yake mwenyewe. Karata yake kubwa ilikuwa 10. Yeyote mwenye mfalme, malkia, 7 au 3 alikuwa ameshamfunga. Wachezaji 99 kati ya 100 wangetupa karata zile bila kufikiria.

Ungar alimtazama mwenzake kwa sekunde kama 10. Kisha akalipa kwa 10 na 9.

Wachambuzi wa poka wanaueleza uamuzi huo hivi. Mtu mwenye 7 asingethubutu kuweka dola 32,000 baada ya mfalme na malkia kutoka, angepita tu na kuonyesha karata. Mtu mwenye 3, yaani tatu zinazofanana, au mwenye mfalme, angeanza kudai hela tangu karata ya nne, na mwishoni angeweka dau linalolipika ili avute mteja. Dau lile la kutisha halikuwa linaomba kulipwa. Lilikuwa linafukuza. Na kama ni geresha, basi Matloubi alikuwa na karata ndogo zilizokuwa zikisubiri mfuatano ukakosa, kama 4 na 5 au 5 na 6. Karata za namna hiyo ndizo pekee ambazo 10 ingezifunga.

Hesabu nayo ilikubali. Kwa kulipa 32,000 alikuwa anawania 47,200. Akipatia zaidi kidogo ya mara 2 kati ya 5, hana hasara. Lakini hesabu peke yake haitoshi kumfanya mtu asukume chipu zake akiwa na 10 mkononi. Inahitaji kuamini kile ulichokisoma.

Matloubi akafunua 4 na 5. Yeye mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba baada ya mkono ule alijiona hawezi tena kushindana na mtu huyo. Ilikuwa kama kuficha kitu nyuma ya ukuta na mwenzako akakisoma.

KURUDI KWA DOGO

Pamoja na yote hayo, miaka ya 1990 ilimmaliza. Madeni kila kona, mwili umekonda, pua imeharibika kwa kokeini. Wachezaji wapya walioanza kuingia Las Vegas walimsikia kama hadithi tu.

Mei 1997, siku ya ubingwa wa dunia, Ungar alikuwa anahangaika kutafuta mtu wa kumlipia kiingilio cha dola 10,000. Muda ukiwa umebaki kiduchu, Baxter akakubali tena. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kabisa kujiandikisha kati ya wachezaji 312. Siku ya kwanza alikuwa hajalala zaidi ya saa 24, akawa anasinzia mezani, kichwa kinaanguka. Marafiki walimjia juu na kumtaka aamke.

Akaamka. Kuanzia siku ya pili alivaa miwani ya mviringo yenye vioo vya bluu kuficha uso ulivyoharibika, akaweka picha ya binti yake karibu naye, na kila mapumziko akawa anampigia simu kumpa matokeo. Mezani akarudi kuwa yuleyule wa 1980. Alisukuma dau pale wenzake walipoogopa, akatupa karata pale alipohisi amefungwa, na karibu kila mara alipatia.

Fainali ilikuwa dhidi ya John Strzemp, bosi wa kasino aliyekuwa anacheza kwa kupenda. Mkono wa mwisho wote walikuwa na ree, lakini Strzemp alikuwa na 8 pembeni na Ungar 4. Mezani zilikuwa ree, 5, 3 na 3. Kisha karata ya mwisho ikatoka 2. Ree, 2, 3, 4, 5. Mfuatano uleule uliompa ubingwa wa kwanza miaka 17 nyuma ndio uliompa wa tatu.

Dola milioni 1. Kwa makubaliano yao, nusu ilikwenda kwa Baxter. Ungar akabaki na nusu milioni, na magazeti yakamuandika kama Dogo aliyerudi kutoka kuzimu. Kwa mtu mwingine, hapo ndipo pa kuishia.

Ndani ya miezi michache hela yote ilikuwa imekwisha, kwenye madawa na kwenye kubeti michezo.

MWISHO

Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena akatetee taji. Dakika chache kabla ya mashindano kuanza, Ungar alijitoa. Bingwa mtetezi hakufika hata mezani. Miezi iliyofuata alionekana akizunguka kwenye kasino akiomba hela kwa watu aliowahi kuwafunga. Wengine walimpa, wengine walimkwepa kwa kuwa walijua zinakokwenda.

Aliyejitokeza mwishoni kumsaidia alikuwa Bob Stupak, yule mmiliki wa kasino aliyepoteza dola 100,000 kwa karata moja. Alikuwa tayari kumsimamia ili arudi mezani. Hakuwahi kurudi. Novemba 20 alichukua chumba Oasis Motel, na siku mbili baadaye akakutwa amekufa. Madaktari walikuta mabaki ya madawa mwilini mwake, lakini si kiasi cha kumuua. Moyo ndio ulioshindwa, ukiwa umechoshwa na miaka mingi ya kokeini. Baba yake naye alikuwa ameondoka kwa moyo.

Mwaka 2001 Ungar aliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa poka. Hadi leo ni yeye na Johnny Moss tu wenye mataji matatu ya ubingwa wa dunia, na la kwanza la Moss, mwaka 1970, lilipatikana kwa kura za wachezaji wenzake. Yote matatu ya Ungar yalipatikana mezani, karata kwa karata.

Kitu ambacho wakongwe wa mchezo huo wanawafundisha vijana ni kwamba uamuzi mgumu kuliko wote kwenye poka si kulipa kwa 10 kama alivyofanya Ungar. Ni kutupa karata nzuri wakati unajua umeshafungwa, ukakubali hasara na kubaki na kilichosalia. Mezani Ungar aliweza hilo kuliko mtu yeyote. Nje ya meza hakuwahi kuliweza hata mara moja.

Siku ya mazishi yake waliofika walikuwa wengi, baadhi yao mamilionea aliowahi kuwafunga. Hela ya kumzika ilibidi ichangishwe. Aliyepitisha mchango alikuwa Bob Stupak.